Kanisa la Dubina: Wamoravia Wasio Wamoravian

Katika kaunti ya Fayette, jimboni Texas nchini Marekani, kwenye nchi ya vilima vidogo iliyo kati ya Houston na San Antonio, kuna kanisa la mbao lenye rangi nyeupe ambalo mnara wake huonekana kabla msafiri hajaona kitu kingine cha kumjulisha kwamba amefika mahali penye jina. Mahali hapo panaitwa Dubina. Kanisa lenyewe limewekwa chini ya usimamizi wa Watakatifu Sirili na Metodi, na linasimama katikati ya malisho na mialoni kama kwamba mji uliokuwa umelizunguka uliondoka usiku bila kuaga. Kwa nje ni jengo la kiasi, lisilo na makuu. Ndani mambo hubadilika: dari limepakwa buluu ya anga, mbavu za mbao zinazolishikilia zimepambwa kwa majani na maua yaliyopangwa kwa vipimo, na altare zimechongwa vilele vyembamba kama vya makanisa ya mawe ya Ulaya ya Kati.

Jengo hili, pamoja na ndugu zake yaliyo jirani katika vijiji vya Praha, Ammannsville na High Hill, huwatatiza wageni kwa sababu kila maelezo wanayopewa huzaa swali jingine. Wanaambiwa kwamba Dubina ilianzishwa na Wamoravia, kisha wanakuta tabenakulo na sanamu ya Bikira Maria. Wanaambiwa kwamba walowezi walikuwa Wacheki, ilhali hati za safari ziliwaandika kuwa watu wa Austria na majirani zao Waamerika waliwaita Wabohemia. Wanaliona kanisa la parokia kubwa mahali pasipo na mji. Na katika baadhi ya makanisa hayo, mgeni akigonga kwa kidole nguzo inayong'aa kama marumaru, husikia mlio wa mbao.

Kwa msomaji wa Tanzania fundo la kwanza ndilo lililokazwa zaidi, kwa kuwa neno Moravian kwake ni neno la nyumbani. Ni kanisa la Rungwe na Tukuyu, la Mbeya na Tabora, kanisa lenye waumini wengi nchini Tanzania kuliko katika nchi nyingine yoyote duniani. Akisikia kwamba kundi la Wamoravia lilihamia Texas mwaka 1856 na kujenga kanisa, atadhani bila kusita kwamba hao ni jamaa wa kiroho wa wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa sehemu kubwa sivyo. Moravia kwanza ni nchi: ni sehemu ya mashariki ya Ucheki ya leo, iliyopata jina kutokana na mto Morava, na magharibi yake ndiko iliko Bohemia pamoja na mji mkuu wa Praha. Katika makala haya, basi, Wamoravia ni wenyeji wa nchi hiyo, na Wamoravian ni waumini wa kanisa linaloitwa kwa jina hilo. Tofauti ya herufi moja mwishoni imebeba karne kadhaa za historia.

Jan Hus, padri na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Praha, alichomwa moto kama mzushi huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mwaka 1457, katika kijiji cha Kunvald mashariki mwa Bohemia, watu waliolelewa na vuguvugu lililotokana na kifo chake walianzisha jumuiya iliyojiita Umoja wa Ndugu, ambayo kwa Kilatini huitwa Unitas Fratrum. Jumuiya hiyo ilistawi katika Bohemia na Moravia hadi majeshi ya wakuu wa Kiprotestanti yaliposhindwa katika pigano la Mlima Mweupe, nje ya Praha, tarehe 8 Novemba 1620. Baada ya hapo watawala wa ukoo wa Habsburg waliirudisha nchi nzima katika Ukatoliki, kwa sheria, kwa kuwanyang'anya ardhi wakuu walioasi, na kwa kazi ndefu ya mahubiri, shule na hija. Aliyekataa alihama au alijificha. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, wakiongozwa na seremala Christian David, walipata hifadhi Saksonia, katika Ujerumani ya leo, kwenye ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakaanza kujenga kijiji cha Herrnhut. Hapo ndipo Umoja wa Ndugu ulipofufuka, na kwa kuwa wakimbizi hao walitoka Moravia, ulimwengu ukawaita Wamoravian. Ni kutoka Herrnhut, na si kutoka Moravia, kwamba wamisionari wao walitoka kwenda visiwa vya Karibi mwaka 1732 na hatimaye kusini mwa Tanzania ya leo.

Jina, kwa maneno mengine, liliondoka na wakimbizi, na wakulima wakabaki. Vizazi kadhaa baadaye wakulima hao walikuwa Wakatoliki si kwa kulazimishwa bali kwa malezi: walibatizwa, wakafunga ndoa na wakazikwa katika makanisa ya Baroki, mtindo wa mapambo mengi, yenye dari zilizochorwa, wakapanda milima kwenda hija, wakabeba sanamu za watakatifu barabarani siku za sikukuu. Hao ndio waliokuja kuanzisha Dubina. Mmoravian wa Tukuyu anayefika hapo hakuti kanisa la babu zake wa imani. Anakuta kanisa la majirani zao waliobaki nyumbani.

Nimesema kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kuna wachache ambao hadithi yao inakwenda kinyume. Katika kaunti ya Washington, inayopakana na Fayette, kuna kanisa la Wesley, ambalo licha ya jina hilo si la Wamethodisti. Lilijengwa mwaka 1866 na Waprotestanti wa Kicheki ambao wazee wao hawakuhama wala hawakuacha imani yao, bali waliificha, wakisoma vitabu vilivyokatazwa kwa siri majumbani. Mwaka 1781 Mfalme Joseph wa Pili alitoa Hati ya Uvumilivu, na watu hao wakaruhusiwa kujitokeza. Lakini kwa upande wa Waprotestanti hati ilitambua Walutheri na Wakalvini tu, kwa hiyo wazawa wa Ndugu walilazimika kujiandikisha kwa jina la wengine. Texas hapakuwa na karani wa kuwauliza walichague lipi, nao wakalirudia jina la Ndugu. Mwaka 1903 sharika za namna hiyo ziliungana huko Granger kuwa Umoja wa Kiinjili wa Ndugu wa Kicheki na Kimoravia, chombo kinachojitegemea ambacho hakikuwahi kuwa tawi la Kanisa la Moravian. Wesley na Rungwe, basi, ni matawi mawili ya shina la mwaka 1457, moja lililopitia Herrnhut na jingine lililopitia vyumba vya siri vya vijiji vya Bohemia na Moravia. Kati ya Wacheki wote wa Texas, hata hivyo, tawi hili lilikuwa la wachache.

Majina mengine yaliyobaki ni rahisi kuyafumbua. Hadi mwaka 1918 Bohemia na Moravia zilikuwa majimbo ya dola la Habsburg lenye makao yake Vienna, kwa hiyo msafiri aliyeshuka meli alikuwa raia wa Austria hata kama hakujua Kijerumani cha kutosha kununulia mkate. Waamerika waliosikia Kicheki walikiita Kibohemia na wasemaji wake wote Wabohemia, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kukanyaga Bohemia. Wenyewe kwa wenyewe walitambuana kwa kijiji na lahaja, na wengi wa waliokwenda Texas walitoka mashariki mwa Moravia, kwenye vilima vinavyoelekea milima ya Beskidy, ambako matamshi na desturi zilitofautiana na za Praha.

Kilichowaondoa kwao hakikuwa dini, isipokuwa kwa hao wachache. Mwaka 1848 dola lilifuta kazi ya shokoa ambayo wakulima waliitumikia kwa mabwana, na pamoja na kufutwa huko wakapata nafasi ya kuuza walichonacho na kuondoka. Walichonacho kilikuwa kidogo. Mashamba yaliyogawanywa kizazi baada ya kizazi yalikuwa yamekuwa vipande, viazi vilikuwa vimeoza kwa ugonjwa miaka ya 1840, na wavulana walikuwa wakisubiriwa na jeshi. Ndipo zikaja barua. Josef Arnošt Bergmann, mchungaji wa Kiprotestanti aliyefika Cat Spring, Texas, mwaka 1850, aliandika kwa wenzake kuhusu ardhi pana yenye rutuba inayonunuliwa kwa bei ambayo mkulima wa Moravia angeiona kuwa utani, na barua zake zikasambaa. Kundi la kwanza lililomfuata mwaka 1851, kutoka vijiji vya karibu na Lanškroun mpakani mwa Bohemia na Moravia, lilipitia Liverpool na New Orleans katika hali mbaya kiasi kwamba karibu nusu ya watu wake walikufa njiani au mara baada ya kufika. Josef Lešikar, aliyekuwa ameliandaa, hakusafiri nalo. Alikuja na kundi jingine mwaka 1853. Inashangaza kwamba kulikuwa na kundi jingine.

Wale wa Dubina, ambao walikuwa Wakatoliki, walishuka katika bandari ya Galveston mwaka 1856 na kuingia bara kwa magari ya ng'ombe. Simulizi ya kijiji inasema kwamba walipofika karibu na mto Navidad walikumbwa na upepo baridi wa kaskazini uliochanganyika na barafu, wakaulala usiku huo chini ya mialoni, na asubuhi wakaamua kutoendelea mbele. Neno la Kicheki la mwaloni ni dub, na dubina ni kichaka cha mialoni. Mialoni ya Mamre humjia msomaji wa Biblia mara moja, ingawa Ibrahimu alikuwa na mahema na watumishi.

Nchi waliyoiingia ilikuwa nchi ya utumwa, na jambo hili halipaswi kurukwa kwa sababu ya uzuri wa dari. Mashamba makubwa ya pamba kando ya mito ya Texas yalilimwa na Waafrika waliomilikiwa. Walowezi wa Kicheki na majirani zao Wajerumani walilima zaidi kwa mikono ya familia zao, na mwaka 1861, Texas ilipopiga kura ya kujitenga na Marekani, wapiga kura wengi wa kaunti ya Fayette walikataa. Jimbo lilijitenga hata hivyo. Wacheki kadhaa walikwepa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwa kuendesha magari ya ng'ombe yaliyobeba pamba hadi Meksiko, kazi iliyohesabiwa kuwa utumishi wa vita. Pamba hiyo, bila shaka, ilikuwa imechumwa na watumwa.

Miaka ishirini ilipita kabla Dubina haijawa na kanisa lake, lililojengwa mwaka 1877. Ucheleweshaji huo si ishara ya uvivu wa imani. Padri anayejua Kicheki alikuwa adimu, nyumba zilitawanyika, na pesa ya kwanza ilikwenda kwenye ardhi, ng'ombe na visima. Katika miaka hiyo ibada ilikuwa kazi ya nyumbani: rozari, vitabu vya nyimbo vilivyobebwa katika masanduku, na padri mpita njia alipotokea. Walipojenga hatimaye, hawakujenga kwa sababu wamepata padri tu, bali kwa sababu walikuwa wamepata mavuno ya pamba ya kuuza.

Uchaguzi wa wasimamizi wa parokia unastahili maelezo, kwa kuwa ndani yake mna msimamo. Sirili na Metodi walikuwa ndugu wawili kutoka Thesalonike waliofika Moravia mwaka 863 kwa mwaliko wa mtawala Rastislav. Walitunga alfabeti kwa ajili ya lugha ya Waslavi na kutafsiri humo maandiko na ibada, jambo lililowakera mapadri wa Kijerumani waliokuwa wakihubiri eneo hilo kabla yao. Mwaka 1863 maelfu ya watu walikusanyika Velehrad, Moravia, kuadhimisha miaka elfu moja ya kufika kwao, na mwaka 1880 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza sikukuu yao iadhimishwe na Kanisa Katoliki lote. Mlowezi aliyezaliwa chini ya Vienna na sasa anaishi karibu na Wajerumani wenye makanisa yao alipowachagua watakatifu hawa, alikuwa akisema kwamba yeye ni Mkatoliki na ni Mslavi kwa wakati mmoja, na kwamba lugha yake ina haki ya kusikika mbele ya Mungu. Misa ilikuwa kwa Kilatini kama kwingineko, lakini mahubiri, maungamo na nyimbo vilikuwa kwa Kicheki.

Kanisa hilo halikuwa nyumba ya ibada tu. Mgeni asiye na ukoo katika nchi mpya, akifa, nani atamzika, na mjane atakula nini? Wasomaji wetu wanajua jibu la swali hilo, kwa sababu vyama vya kufa na kuzikana vipo katika kila mtaa wa Afrika Mashariki. Wakatoliki wa Kicheki wa kaunti ya Fayette waliunda chama chao, Katolická Jednota Texaská, yaani Umoja wa Wakatoliki wa Texas, mwaka 1889 katika kijiji ambacho leo huitwa Hostyn. Wanachama walichanga kiasi kidogo, na msiba ukitokea familia ililipwa. Wale ambao hawakutaka mfuko wao uwe chini ya kivuli cha mapadri walianzisha chama kingine, SPJST (kifupi cha jina lake la Kicheki), mwaka 1897 mjini La Grange. Kuwepo kwa chama hicho cha pili kunatukumbusha kwamba Mcheki wa Marekani hakuwa lazima mtu wa kanisa. Huko Chicago na Nebraska, ambako wengi walitoka Bohemia, Wacheki wengi walijitenga na kila dini, wakajenga kumbi badala ya makanisa na makaburi yao yasiyo na msalaba. Wingi wa makanisa huko Texas ni alama ya Moravia ya mashariki kuliko alama ya Ucheki kwa jumla.

Mwezi Julai mwaka 1909 kimbunga kilichotoka Ghuba ya Meksiko kiliingia bara na kuliangusha kanisa la Dubina. Lile la Ammannsville lilianguka pia. Parokia ya Dubina ilimwendea Leo Dielmann, msanifu wa San Antonio aliyekuwa ameshasanifu kanisa la High Hill mwaka 1906, naye akawapa jengo linaloonekana leo.

Hapa tunaifikia rangi, ambayo ndiyo iliyoyapa makanisa haya sifa na ndiyo iliyozaa maelezo mengi ya haraka. Kazi ilifanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya karatasi nzito iliyopakwa mafuta isilowe na kukatwa matundu ya umbo la jani au ua: fundi aliiweka ukutani, akapigapiga rangi kwa brashi fupi, akaisogeza hatua moja, akarudia, hadi mstari wa maua ukazunguka kanisa zima. Ya pili ni kuigiza: mbao za bei nafuu zilipakwa rangi ya mafuta, kisha mishipa ya marumaru ikachorwa kwa unyoya au brashi nyembamba, au chembechembe za mwaloni zikavutwa kwa kitana juu ya rangi mbichi. Ya tatu, iliyo adimu na ghali, ni picha za mkono: malaika, watakatifu, mandhari ya mji wa Praha wa zamani. Kanisa la kijiji cha Praha, lililojengwa mwaka 1895, ndilo linaloonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu zaidi, kwa sababu nje ni la mawe halisi na ndani ni mbao zilizopakwa rangi na Gottfried Flury, mchoraji aliyezaliwa Uswisi. Mtu huanza na jiwe la kweli na kuishia kwenye la kubuni.

Maelezo ya kawaida ni kwamba walowezi walikuwa maskini, hawakuweza kununua marumaru, wakayadanganya macho. Kuna ukweli kidogo humo, maana mawe yalikuwa ghali na mbao zililetwa kwa reli kwa bei nafuu. Lakini maelezo hayo yanasahau kanisa walilolikumbuka lilikuwa la namna gani. Makanisa mengi ya Baroki ya Moravia yenyewe hayakuwa na marumaru mengi. Nguzo zake zilikuwa za matofali yaliyofunikwa lipu iliyotiwa rangi na kusuguliwa hadi ikang'aa, na mbingu iliyofunguka darini ilikuwa rangi juu ya chokaa. Mkulima aliyekulia chini ya dari kama hilo alijua kanisa kuwa ni mahali ambapo ukuta unakuwa kitu kingine. Alipoagiza nguzo za mbao zipakwe mishipa ya marumaru katika Texas, hakuwa akitafuta kibadala cha kitu halisi alichokikosa. Aliagiza kilekile alichokuwa nacho kwao, pamoja na kuigiza kwake. Ndiyo maana sipendi neno udanganyifu likitumiwa kwa kazi hii, hata kwa kusifia.

Hata hivyo, kusema kwamba makanisa haya yalijengwa na Wacheki kunahitaji uangalifu. Msanifu Dielmann alikuwa wa asili ya Kijerumani. Flury alikuwa Mswisi. Kanisa la High Hill lilipambwa mwaka 1912 na Ferdinand Stockert na Hermann Kern, na jamii yake yenyewe ilichanganya Wajerumani na watu wa Moravia. Umbo la jengo, lenye madirisha yaliyochongoka na mnara wa mbao, ni la Kigothiki la maseremala wa Marekani, na sanamu nyingi za makanisa ya wakati huo ziliagizwa kwa katalogi. Ucheki wa makanisa haya umo katika mambo mengine: nani alichanga, nani alichagua mtakatifu, lugha iliyoandikwa chini ya madirisha ya vioo vya rangi na kwenye mawe ya makaburi, ambako maneno Zde odpočívá, yaani hapa anapumzika, hutangulia jina baada ya jina. Kinyume cha desturi hiyo ya kuajiri mafundi kinapatikana Wesley, katika kanisa la Ndugu. Huko, karibu mwaka 1890, mchungaji Bohuslav Emil Laciak alishika brashi mwenyewe, akaigeuza nyumba ya mbao kuwa jengo la nguzo, matao na matofali ya rangi. Hata Waprotestanti hawa, ambao mtu angetarajia wapende kuta tupu, hawakutaka kukaa ndani ya sanduku la mbao.

Swali la mwisho ni la ukimya unaolizunguka kanisa la Dubina. Mji ulikuwepo: palikuwa na maduka, mhunzi, na mashine za kuchambulia pamba. Reli iliyopita katika miaka ya 1870 ilifuata njia ya Weimar na Schulenburg, kilomita chache kusini, na biashara huufuata mzigo. Mwaka 1912 moto uliteketeza sehemu kubwa ya majengo ya biashara, na hapakuwa na sababu ya kuyajenga upya penye njia ya magari ya ng'ombe wakati garimoshi lilikuwa karibu. Kisha pamba yenyewe ikadhoofika kwa bei, kwa udongo uliochoka na kwa fukusi aliyeingia Texas kutoka Meksiko miaka ya 1890, na vijana wakaenda kutafuta mishahara Houston. Duka huhama na wateja wake. Kanisa lenye makaburi halihami kwa urahisi, na watu waliohamia Weimar au mbali zaidi wameendelea kurudi kwa misa, kwa harusi, kwa maziko na kwa sherehe ya parokia, ambako chakula, muziki wa matarumbeta na vikate vitamu viitwavyo kolache ni lazima. Idadi ya mapadri imepungua, na kasisi mmoja huzunguka makanisa kadhaa. Kicheki kimetoweka mimbarini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Misa ilihama kutoka Kilatini na kuingia Kiingereza moja kwa moja, kwa kuwa wajukuu walikuwa wameshakiacha Kicheki kwa wazee.

Katika miaka ya 1950 kuta na dari la Dubina zilifunikwa kwa rangi nyeupe. Kizazi kile kiliona mapambo ya babu zao kuwa mzigo wa mtindo uliopitwa na wakati, kama watu wengi wa miji yetu ya pwani walivyoona milango ya nakshi katika miaka hiyohiyo. Miaka ya 1980 waumini walibadili mawazo, wakafuatilia alama za michoro ya zamani na kuirudishia rangi, na mwaka 1983 makanisa kadhaa ya aina hii yaliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Mgeni anayetazama juu leo, basi, anaona maua yaliyopakwa na wajukuu juu ya nyayo za maua ya mababu.

Msalaba ulio juu ya mnara haukuguswa na mabadiliko hayo. Ni wa chuma, ulikuwa juu ya kanisa la mwaka 1877, uliokolewa baada ya kimbunga cha 1909 na kupandishwa tena kwenye kanisa jipya. Aliyeufua ni Tom Lee, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani.